Sauti ya Vlasta

Katika nyumba ya Oldřich Vymazal palikuwa na sheria moja ambayo hukuikuta kwa jirani yeyote. Kuvua viatu mlangoni siihesabu, hiyo ni ya kila nyumba Moravia nzima. Sheria ya Oldřich ilikuwa hii: mtu haongei kutoka chumba kingine. Ukiwa na neno naye, unaacha ulichoshika, unatembea mpaka alipo, unasimama akuone, ndipo unafungua mdomo. Ukimwita kutoka jikoni haitiki. Ukimwita tena anakuja amekunja uso na kusema, "Mimi si mbwa wa kuitwa kwa ukelele. Njoo nilipo."

Blanka, binti yake wa pekee, alikulia chini ya sheria hiyo, bila mama, aliyefariki yeye akiwa mtoto wa miaka mitatu. Sasa alikuwa mwanamke wa miaka ishirini na mitano, anapima maziwa katika maabara ya kiwanda cha siagi, na hapakuwa na mtu mjini Vrbovany aliyewahi kumsikia akipaza sauti. Alisema polepole, karibu na mtu, kana kwamba dunia yote ni maktaba. Wachumba wawili walikuja wakaondoka. Wa pili aliwaambia marafiki zake baani kwamba kukaa na Blanka ni sawa na kukaa na redio iliyopunguzwa sauti, unajua kuna habari lakini huzipati. Mpumbavu yule, ila utani wake ulikuwa na chembe ya ukweli, na ndiyo maana ulipomfikia Blanka ulimuuma.

Mama yake, Vlasta, alimjua kwa picha. Vlasta na kitambaa kichwani. Vlasta juu ya baiskeli. Vlasta amembana bata bukini kwapani, bata anamtazama mpiga picha kwa dharau. Uso wa mama haukuwa siri, nusu yake Blanka aliuona kwenye kioo kila asubuhi. Kilichomsumbua tangu utotoni ni kitu kimoja tu: mwanamke huyu alikuwa na sauti gani? Picha hazisemi. Kuuliza si ujinga, kwa hiyo aliuliza.

"Ya kawaida," baba yake alijibu.

"Kawaida vipi, baba?"

"Ya mtu." Kisha akachukua kofia yake akaenda kwenye mizinga ya nyuki, na Blanka akajua mazungumzo yameisha, maana huko hafuatwi mtu.

Basi ikaja ile masika ya mwaka wa tisini. Serikali iliyodumu miaka arobaini ilikuwa imeanguka vuli iliyopita kama uzio uliooza, na kila mtu alikuwa akizungukazunguka kutazama kilichokuwa nyuma yake. Sinema ya mjini, iliyoitwa Februari kwa heshima ya mapinduzi ya chama cha kikomunisti ya mwezi huo, ilivuliwa herufi zake za bati usiku mmoja na watu wasiojulikana. Wakubwa wa mji walishindwa kukubaliana jina jipya, kwa hiyo ikabaki bila jina, ukutani kuna alama nyeupe tu za pale herufi zilipokaa. Humo ndimo Daktari Pěnkava wa Brno, mtaalamu wa filamu mwenye ndevu na maneno mengi, alimoleta msimu wake: kila Jumamosi alasiri filamu moja iliyokuwa imefungiwa ghalani Praha zaidi ya miaka ishirini.

Watu walizitazama zote, hata zile ambazo hakuna aliyeelewa kitu. Wiki moja walitazama filamu nzima ya mtu anayetembea shambani na mlango mgongoni. "Ni fumbo la taifa," alieleza Daktari Pěnkava. "Ni seremala," alisema Bibi Hedvika, jirani wa kina Vymazal, na ukumbi mzima ukakubaliana na Bibi Hedvika.

Lakini waliyoisubiri hasa ilikuwa ya tano. Hiyo ilikuwa yao. Ilipigwa Vrbovany kwenyewe, majira ya baridi ya mwaka wa sitini na nane, na kijana mmoja kutoka Praha ambaye hakutaka waigizaji. Alitaka watu walivyo. Aliwachukua wanawake waliokuwa wamekaa mezani wakichambua manyoya ya bata bukini kwa ajili ya mito na mafarishi, kazi inayomaliza jioni za baridi pamoja na sifa za watu wote wasiokuwepo. Katika filamu hiyo mwenyekiti wa shamba la ushirika anahutubia redioni, na wanawake wanacheka. Hawasemi neno baya, wanacheka tu. Hilo lilitosha. Filamu ikafungwa kabla hata mtu mmoja wa Vrbovany hajaiona.

Na Vlasta alikuwemo.

"Ana maneno machache tu," Bibi Hedvika alimwambia Blanka. Nyumba zao zilitenganishwa na ukuta mmoja, na Hedvika naye alikuwa mmoja wa wanawake wa manyoya katika filamu hiyo. "Machache, lakini ndiyo filamu yenyewe. Mwenyekiti anaingia kutoka nje na theluji yake. Anasukuma mlango hivi, pwaa! Manyoya yote juu. Unajua mwenyewe, mwanangu, mtu anayefungua mlango watu wakichambua manyoya anastahili nini. Basi mama yako anainua kichwa, anampigia kelele."

"Anasema nini?"

"Atasema nini? Anasema ambalo angelisema siku yoyote: 'Mlango! Fungeni mlango!' Nasikia mpaka leo."

"Ilikuwaje, bibi? Sauti yenyewe?"

Bibi Hedvika alifikiri. "Ya kukwaruza kidogo. Kama mtu aliyetoka kuamka, lakini ameamka vizuri."

Blanka hakutosheka. Wiki nzima kabla ya onyesho alikwenda kwa huyu na yule. Muuza nyama, jitu la mabega, alisema sauti ya Vlasta ilikuwa nene, ya kuheshimika. Mwalimu wa kwaya ya kanisa akasema hapana, nyembamba, ya juu, na kwamba alimkosa sana kwenye safu ya kwanza. Kinyozi, ambaye kutwa huuliza watu wanataka nywele zao vipi, alisema alikuwa na sauti ya kuuliza, hata asipouliza kitu. Kila mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Blanka alirudi nyumbani na mama watatu wasiofanana, na hamu yake ikawa kali kuliko alivyotoka nayo. Alihesabu saa kama bibi harusi. Jumamosi angesikia, na ubishi ungekwisha.

"Twende wote, baba."

Oldřich alikuwa mezani anasugua fremu ya mzinga. "Nina nyuki."

"Nyuki wamelala. Nje bado barafu."

"Ndiyo. Siwezi kuwaacha peke yao wakiwa wamelala."

Siku nyingine Blanka angecheka, lakini siku hiyo hakuweza. "Ni mama yangu," alisema, kwa ile sauti yake ya maktabani. "Wewe ulimsikia, mimi sikumbuki hata neno moja. Umekaa naye humo kichwani miaka yote hii, hujanigawia hata kidogo."

Mzee aliweka fremu chini. Alimtazama binti yake kwa muda, macho yake yakiwa na kitu ambacho Blanka alikichukua kuwa hasira. "Nenda," alisema. "Ukirudi usinieleze."

Jumamosi ukumbi ulijaa pomoni. Mama wa kupokea makoti kwenye ukumbi wa nje alikuwa mkali kama kawaida yake, serikali ilianguka lakini yeye hakuanguka, na hakuna aliyepita na koti lake mkononi. Mstari wa tatu alikaa mwenyekiti wa zamani wa ushirika, yule hasa ambaye hotuba zake zilichekwa, amevaa tai mpya na uso wa mtu aliyekuwa mpinzani tangu kuzaliwa. Bibi Hedvika alikaa mbele kabisa na mfuko wake wa keki za mbegu za mpopi. Blanka alikaa kando yake, mikono mapajani, moyo ukimdunda mpaka akaona aibu.

Daktari Pěnkava alihutubia. Alihutubia sana. "Daktari," Hedvika alimwambia mwishowe, "nimeisubiri hii tangu nikiwa na meno yangu. Tafadhali." Taa zikazimwa.

Mambo ya kwanza yalikuwa kelele tupu za watu kujitambua. "Yule ni mimi!" "Tazama paa la kina Zedník!" "Mungu wangu, nilikuwa na kiuno!" Redio ilipoanza kuhutubu kwenye filamu na wanawake wakacheka, ukumbi ulicheka nao, na aliyecheka kwa sauti kubwa kuliko wote alikuwa mwenyekiti wa mstari wa tatu.

Kisha ikaja meza ya manyoya, na Vlasta.

Blanka alikuwa amejiandaa kwa sauti, hakujiandaa kwa mengine. Hakujua kwamba mama yake alilamba kidole gumba kabla ya kushika unyoya. Hakujua kwamba aliinua bega la kushoto alipotaka kucheka, kama mtu anayejificha nyuma yake. Alikuwa mdogo, alikuwa karibu umri wa Blanka mwenyewe, na alikuwa hai kiasi kwamba Blanka alitaka kupanda jukwaani amshike mkono. Machozi yalimtoka na hakuyafuta, asije akakosa kitu.

Mlango kwenye filamu ukafunguka. Pwaa. Manyoya yakaruka, chumba kizima kikawa cheupe. Vlasta akainua kichwa, akavuta pumzi, akafungua mdomo wote.

"Mlango! Fungeni mlango!"

Ilikuwa sauti laini, safi, ya Praha, kila herufi imepigwa pasi. Na kila mtu ukumbini aliijua. Ilikuwa ya yule mwigizaji aliyewasomea watoto hadithi za kulala redioni, miaka nenda miaka rudi. Hata Blanka alilazwa na sauti hiyo. Kicheko kikapasuka mpaka viti vikalia.

"Huyo si Vlasta!" Bibi Hedvika alikuwa amesimama, keki zimemwagika. "Simamisha! Simamisha mashine! Huyo ni nani?"

Taa zikawashwa. Daktari Pěnkava akaja mbele, akijikuna ndevu. Akaeleza kwamba kamera za wakati ule ziliunguruma kama cherehani, kwa hiyo sauti zote zilirekodiwa baadaye studio, Praha. Waigizaji walikwenda na wasio waigizaji walikwenda, kila mmoja akasema tena maneno yake mbele ya picha. "Na asiyeweza kufika," alisema, "alisemewa."

"Mimi nilikwenda," Hedvika alisema. "Kwa treni. Walitupa soseji na kahawa mbaya. Tulikwenda mimi, na Růžena, na Vlasta, na..." Alishika mgongo wa kiti. "Hapana. Ilikuwa vuli. Vlasta alikuwa hospitali, na figo zake." Alimgeukia Blanka, na uso wake ulikuwa umezeeka ghafla. "Nilikuwa naona kabisa ameketi nami kwenye treni. Miaka yote hii. Hakuwepo, mwanangu."

"Na ile ya siku ya kupiga picha?" Blanka aliuliza. Watu wa nyuma hawakumsikia, wakaulizana amesemaje. "Alipofungua mdomo pale, hakuna aliyerekodi?"

"Walirekodi, kwa ajili ya mwongozo wa studio tu," Daktari Pěnkava alisema. Huyu naye alikuwa mtu mwema, na hakupenda alichokuwa akikisema. "Tepu zilikuwa adimu. Zilifutwa zikatumika tena."

Blanka aliketi. Alihisi ameibiwa, na mwizi mwenyewe ni mwanamke mpole aliyemlaza kila jioni. Bora wale mama watatu wa muuza nyama, mwalimu na kinyozi. Wale angalau walikuwa wa Vrbovany.

Bibi Hedvika ndiye aliyekataa kushindwa. Aligeuka akatazama kile kitundu cha juu ukutani. "Ctirad!" alimwita mwendesha mashine. "Rudisha nyuma hicho kitu. Na huyo bibi wa Praha mzime sauti. Tutasema wenyewe."

"Bibi Hedvika, hii ni nakala pekee," Daktari Pěnkava alianza.

"Na huyu ni mtoto pekee," Hedvika alisema. "Rudisha."

Ikarudishwa. Taa zikazimwa. Sasa ilikuwa kimya, mlango unafunguka bila kishindo, manyoya yanapanda, mdomo wa Vlasta unafunguka, na Hedvika akapaza: "Mlango! Fungeni mlango!"

"Siyo," walisema watu wa nyuma. "Hiyo ni yako wewe."

Ikarudishwa tena. Mwalimu wa kwaya alijaribu, akaambiwa hapa si kanisani. Muuza nyama alijaribu, na watu walicheka hadi mmoja akapaliwa. Mji mzima ukawa unabishana gizani juu ya sauti ya mwanamke mmoja, wa kulia wakisema ilikuwa juu zaidi, wa kushoto wakisema ilikuwa na mkwaruzo, na Ctirad kule juu akirudisha na kurudisha. Blanka peke yake hakuwa anabisha. Alikuwa ameacha kusikiliza. Alitazama ule mdomo, jinsi ulivyovuta pumzi, jinsi kidevu kilivyosukumwa mbele, na bila kujua alivuta pumzi nao. Alijiambia, acha kelele zao, mimi nitamtazama tu, hiki hawawezi kukifuta.

Wakati huohuo, nyuma ya ukumbi, mtu alifungua mlango wa kutokea kwenye ukumbi wa makoti. Mwanga mkali ukaingia ukapiga pazia la filamu, na uso wa Vlasta ukapauka, ukaanza kupotea palepale, mdomo ukiwa unafunguka.

"Mlango!" Blanka aliruka juu. "Fungeni mlango!"

Ilitoka tumboni. Haikuwa ya maktabani. Ilikuwa na mkwaruzo mwanzoni, kama mtu aliyetoka kuamka, na ilikuwa nene chini na ilipanda juu mwishoni kama swali, na ilipita juu ya vichwa vya watu wote ikagonga ukuta wa nyuma. Na ilitoka sawasawa na mdomo ule uliokuwa ukififia, silabi kwa silabi.

Kwenye pazia manyoya yalikuwa yanashuka taratibu. Bibi Hedvika alifanya ishara ya msalaba. Mwalimu wa kwaya alikuwa ameziba mdomo kwa mikono miwili, na mwenyekiti wa zamani alikuwa amevua miwani, hajui atazame wapi.

Mlango haukufungwa. Mlangoni alikuwa amesimama Oldřich Vymazal, koti mwilini, kofia mkononi. Tangu mwanzo alikuwa kwenye ukumbi wa makoti, amekataa kutoa koti lake, amegombana na yule mama kwa kunong'ona, huku akisikiliza ukutani. Alisikia sauti ya Praha badala ya ile ya Vlasta, akaona amesalimika. Alisikia vicheko na ubishi. Ndipo akapata ujasiri wa kuingia, akijua kwamba humo ndani hamna cha kumdhuru.

"Nafunga," alisema. "Nafunga, nafunga." Alisema kama mwanamume anayegombezwa nyumbani kwake. Akaufunga mlango, na hakuna aliyejua amebaki upande gani mpaka Ctirad alipowasha taa.

Blanka na baba yake walitembea kurudi nyumbani. Kwenye daraja Oldřich alisimama, akashika vyuma vya baridi kwa mikono mitupu.

"Ulikuwa na miaka mitano," alisema. "Mama yako ana miaka miwili kaburini. Nilikuwa uani. Ukaniita kutoka jikoni."

Blanka alimsogelea.

"Nikaja mbio. Niliangusha ndoo. Niliingia nikakuta ni wewe, umesimama juu ya kiti, unataka mkate." Alitazama maji. "Nikakukasirikia. Nilikukasirikia kwa sababu ni wewe, si yeye, mwanangu. Mtoto anataka mkate. Tangu siku hiyo sikuweza kukuacha uniite."

Kimya kingi kina mshindo mkubwa, na Blanka ndiyo kwanza alikuwa anausikia. Miaka ishirini aliamini baba yake hapendi sauti yake. Alikuwa na haki ya kukasirika, na alikasirika, pale pale darajani, kwa ajili ya miaka yote ya kunong'ona. Kisha aliona jinsi mikono ya mzee ilivyokuwa myekundu kwenye chuma kile, akavua glavu zake akampa.

Kesho yake ilikuwa Jumapili. Bata alikuwa tayari, na kabichi, na maandazi ya kuchemsha yaliyokatwa kwa uzi. Blanka alifuta mikono, akatoka, akavuka ua mpaka kwenye kibanda cha mizinga, akasimama pale baba yake angemwona, kama alivyofanya maisha yake yote.

"Baba, chakula..."

"Hapana," Oldřich alisema. Hakuinua macho kutoka kwenye fremu yake. "Rudi jikoni. Uniite ukiwa huko."

Alirudi. Alisimama katikati ya jikoni, mvuke wa maandazi usoni, akaona aibu kama mtu anayetakiwa aimbe mbele ya wageni. Akavuta pumzi.

"Baba! Chakula!"

Hakuitika. Labda upepo, alifikiri. Akaita tena, kwa nguvu zaidi, na kwa Hedvika dirisha likafunguka. Bata alikuwa anapoa. Akaita mara ya tatu, na safari hii alisogea dirishani achungulie.

Mzee alikuwa ameketi kwenye mzinga mtupu, mlango wa kibanda wazi, kofia magotini, amefumba macho. Alikuwa anasikia vizuri kabisa. Hakutaka tu Blanka aache kuita.

Blanka akarudi katikati ya jikoni, akamwita tena.